Mdogo Wangu, Loji Haikimbii

Ikishafika Novemba najua kabisa mtaniuliza nini. Shule zinakaribia kufunga, Wachaga wanahesabu siku za kupanda Moshi, nauli za mabasi zimeanza kunong'onezwa, nanyi wadogo zangu mnanitumia picha za loji na swali lile lile: "Dada, hapa pakoje?" Mwaka huu mmezidi. Mmoja wa Sakina kanitumia bwawa la kuogelea lenye trei ya matunda inayoelea juu ya maji, hataki kusikia kingine chochote. Mwingine wa Usa River, ambaye ndiye hasa aliyenifanya nikae chini niandike, kanitumia picha aliyopewa na binamu yake aliyeko Marekani: twiga kasimama nje ya baranda ya hoteli, na watoto wa binamu wamevaa masikio ya panya, wanacheka hadi magego yanaonekana. Chini yake kaandika, "Wenzetu wanaishi, dada. Sisi watoto wetu watakua bila kuona kitu."

Wewe wa Usa River, sogea hapa nikufinye sikio kwanza, chai utakunywa baadaye.

Hoteli hiyo ya binamu yako inaitwa Disney's Animal Kingdom Lodge. Iko Florida, ilifunguliwa 2001, jirani na bustani ya burudani ya Disney yenye wanyama iliyoanza 1998. Kule watu huchagua hoteli kwa kisa chake. Ipo iliyojengwa kama visiwa vya Polynesia, ipo ya magogo kama nyumba za misitu ya Marekani, na ipo hii, ambayo kisa chake ni sisi. Ndiyo, sisi wenyewe. Jengo moja wameliita Jambo House, jingine Kidani Village. Migahawa yao ni Boma, Jiko na Sanaa. Bwawa la kuogelea limepewa jina la Uzima. Na ndani ya bustani wamejenga kijiji wakakiita Harambe, kuta zake zimechubuliwa makusudi zionekane kama za mji mkongwe wa pwani yetu. Watu wanalipa mamia ya dola kwa usiku mmoja ili waamke wamkute twiga anakula majani chini ya dirisha.

Nawe unayeamka Usa River, ukikunja kushoto kutoka barabara ya Moshi na kushika njia ya Ngarenanyuki unafika geti la Ngongongare kabla mtoto hajamaliza usingizi wake wa asubuhi, ndiye unayelia kwamba watoto wako hawajaona kitu! Wazee walituambia tusiache mbachao kwa msala upitao, na naona walikuwa wanamsema mtu wa Usa River.

Sikucheki lakini. Najua donge hilo linavyokaa kooni. Picha ya mwenzio akiwa mahali pazuri inakufanya uione nyumba yako ndogo, mumeo mzito, na watoto wako kama waliosahaulika. Halafu kuna jambo ambalo hatulisemi: wengi wetu tumezaliwa chini ya Mlima Meru, tumepita nje ya mageti ya loji hizi maisha yetu yote, na hakuna aliyewahi kutuambia tunaruhusiwa kuingia. Kibao cha Kiingereza, mlinzi anayeuliza "unamfuata nani?", bei iliyoandikwa kwa dola. Mtu anajifunza kupita tu. Kwa hiyo leo nataka tuingie wote, lakini tuingie na akili zetu.

Kwanza ujue loji za Arusha zilijengwa kwa ajili ya nani. Nyingi zilijengwa kwa ajili ya mgeni anayeshuka KIA usiku, kachoka, analala, asubuhi anapandishwa kwenye Land Cruiser kwenda Tarangire, Ngorongoro na Serengeti, halafu anarudi baada ya wiki kuoga vumbi na kungoja ndege. Kwa hiyo kisa chake ni utulivu. Bustani, ndege wanaimba, kitabu, mvinyo, moto wa kuni jioni. Hakuna bembea za maji, hakuna kikaragosi wa kupiga naye picha. Ukitaka bembea za maji, mdogo wangu, hizo ziko Dar, kule Kunduchi, na Kigamboni kuna Fun City. Safari hiyo tutaizungumza siku nyingine. Hapa kwetu mtoto wa miaka minne ukimpeleka kwenye loji ya aina hii umemkalisha kwenye kikao cha mahari: haelewi kinachozungumzwa, haruhusiwi kukimbia, na kila akipiga kelele watu wazima wanageuka.

Ndiyo maana mtu akiniuliza "loji ipi nzuri?" mimi namuuliza "unakwenda na nani?" Wananiona nakwepa swali. Sikwepi. Nyumba njema si mlango, na picha mnazonitumia zote ni za mlango.

Haya, visa vyenyewe. Arusha kisa kikubwa ni kahawa. Arusha Coffee Lodge iko upande wa barabara ya Dodoma, ukielekea uwanja mdogo wa ndege wa Kisongo, vyumba vimetawanywa katikati ya mibuni kwa mtindo wa nyumba za mashamba ya zamani. Moivaro nayo, upande wa mashariki wa mji, imekaa ndani ya shamba la kahawa. Usa River kuna Rivertrees, nyumba ya shamba la zamani kando ya mto, miti mikubwa mpaka unasahau barabara kuu iko nyuma yako. Ngare Sero iko hapo hapo karibu, ina chemchemi na kijiziwa na mbega weupe juu ya miti. Tengeru kuna Kigongoni, ambayo mimi naipenda kwa sababu yangu: mapato yake yanasaidia Sibusiso, kituo cha watoto wenye ulemavu wa akili. Ukilala pale umejifurahisha na umemfaa mtoto wa mwenzio, bila hotuba yoyote.

Sasa nikupe siri ya ile ya kahawa. Ndani ya eneo la Arusha Coffee Lodge kuna karakana ya Shanga, ambako mafundi wenye ulemavu wanatengeneza shanga, glasi na mapambo kutokana na chupa zilizotupwa. Unaingia mchana, unamwona fundi akipuliza chupa iliyoyeyuka, watoto wanabaki midomo wazi, mnakunywa kahawa, mnarudi nyumbani Njiro kulala kwenye vitanda vyenu. Hakuna aliyekulazimisha kulipia chumba. Wengi hamjui hilo kwa sababu hamuulizi. Mnaogopa geti.

Hata Nairobi ni hivyo hivyo. Kuna dada mmoja kule Lang'ata anayetaka kuvunja akiba yake alale Giraffe Manor, ile nyumba ya mawe ya 1932 ambako twiga huingiza shingo dirishani wakati wa chai ya asubuhi. Mwanangu, jirani na nyumba hiyo kuna Giraffe Centre. Unalipa kiingilio, unapewa chakula cha twiga mkononi, anakulamba vidole na ulimi wake wa kijivu, unapiga picha zako zote. Ni twiga wale wale. Akiba ibaki benki.

Lakini kama kuna loji ya kisa ambayo ningekuruhusu uiwekee ndoto, ni Hatari Lodge, kule Momella, ukingoni mwa Hifadhi ya Taifa ya Arusha upande wa kaskazini. Hapa nitakaa kidogo, vumilieni.

Mwaka 1962 ilitoka filamu ya Kimarekani iitwayo Hatari!, ya mwongozaji Howard Hawks, mchezaji mkuu John Wayne. Ilipigwa hapa hapa kwetu, ikihusu wakamata wanyama wa kuuza kwa mabustani ya wanyama, na waigizaji wenyewe walikimbiza vifaru na twiga kwenye magari bila kuwekewa mtu mbadala. Kuna mahali watoto wa tembo wanakimbia mitaani Arusha, watu wanawashangaa. Mmoja wa waigizaji, Mjerumani Hardy Krüger, alipenda Momella kiasi kwamba alinunua shamba akakaa miaka mingi. Alifariki 2022 huko Marekani. Loji ya leo imekaa kwenye eneo la shamba lile, na ndani wamepamba kwa mitindo ya miaka ya sitini: rangi kali, viti vya duara, picha za filamu. Vyumba ni vichache. Mbele yake kuna uwanda wa majimaji ambako twiga na nyati hupita bila kuitwa, na asubuhi kukiwa wazi Kilimanjaro inaonekana yote. Hicho ndicho kisa ambacho binamu yako kakilipia kwa nakala, mdogo wangu. Hapa nyati hajafundishwa kusimama mahali pa picha.

Ila ukienda na watoto, uwaambie na kisa kingine, maana hicho hakijabandikwa ukutani. Ukipita Momella ukaendelea mbele unafika Ngarenanyuki, kule inakotoka nyanya mnayonunua Soko Kuu. Mwaka 1951 serikali ya kikoloni iliwaondoa kwa nguvu Wameru wapatao 3,000 katika ardhi ile ili igawiwe walowezi wa kizungu wafuge ng'ombe. Nyumba zilichomwa. Wameru wakachanga fedha, wakamtuma Japhet Kirilo hadi New York, na mwaka 1952 akasimama mbele ya Umoja wa Mataifa kueleza kilichotokea. Mtoto wa kijijini, chini ya mlima huu. Kwa hiyo ukiwa umekaa kwenye kiti cha kupendeza katika nyumba ya shamba la mzungu wa zamani, yoyote ile kati ya hizi nilizotaja, kunywa kahawa yako kwa raha, sikukatazi. Ila mwanao akiuliza shamba lilikuwa la nani kabla, usimwambie hujui. Mimi huwa nakereka nikisikia waongozaji wa watalii wanaanza historia ya mahali siku mlowezi alipofika na jembe lake, kana kwamba mibuni ilijipalilia yenyewe.

Turudi kwenye fedha, maana najua ndiko mnakoumia.

Bei ya usiku mmoja kwenye baadhi ya loji hizi inaweza kuzidi kodi yako ya miezi kadhaa. Nalisema wazi ili usije ukazimia mapokezi. Na ninawajua nyie. Kuna mwenzenu ameniandikia, jina namfichia, mwaka jana alipokea zamu yake ya mchezo mwezi wa Desemba, fedha ambazo moyoni alishazipangia ada ya Januari. Akaona picha za rafiki yake, akashikwa. Akalipa usiku mbili. Kwa kuwa hazikutosha, akaongezea mkopo wa simu, halafu kausha damu ili alipe mkopo wa simu. Picha zilikuwa nzuri kweli, mimi mwenyewe nilizipenda. Januari mtoto alirudishwa nyumbani kwa ada, na mama yake alikuwa anapita njia za nyuma za Kwa Mrombo akimkwepa kijumbe. Kukopa harusi, kulipa matanga. Na kilichomuuma zaidi, kaniambia, si deni. Ni kwamba kule lojini hakufurahi hata kidogo. Kila sahani iliyokuja mezani alikuwa anaihesabu.

Nasikia wengine mnasema, "Mimi siko hivyo." Wote tuko hivyo, mdogo wangu. Tofauti ni nani kajifungia mlango mapema. Fedha ya matembezi iwe na daftari lake, iwekwe kidogo kidogo tangu Machi, na ikifika Novemba haijatosha, basi safari inapungua. Ada haiguswi.

Na kabla hujasema haijatosha, uliza bei ya mzawa. Hili nawasihi kama nalia. Loji nyingi zina bei ya mgeni, bei ya mkaazi na bei ya raia, lakini hazitakuita barabarani kukuambia. Siku moja nilikuwa na mgeni wangu kwenye loji fulani, sitaitaja, kijana wa mapokezi akanisukumia karatasi ya dola. Nikamwambia kwa upole, "Mwanangu, na ile ya sisi wenye nchi?" Akaigeuza karatasi. Ilikuwa nyuma muda wote! Tena siku hizi una nguvu zaidi: tangu Machi 2025 kanuni za serikali zinakataza kutangaza na kudai bei kwa fedha za kigeni hapa nchini. Omba uandikiwe kwa shilingi, omba risiti, na ubebe kitambulisho cha Taifa, kwa sababu watataka kuthibitisha uraia wako, na hifadhini vile vile. Raia wa Afrika Mashariki hulipa kiingilio kidogo sana kukilinganisha na mgeni, lakini ukisahau kitambulisho usigombane na askari wa geti. Naye ana bosi wake.

Geti la hifadhi hawapokei noti. Unapewa namba ya malipo, unalipa kwa simu au kwa kadi. Hakikisha salio lipo kabla hujatoka Usa River, kwa sababu nimeona baba mzima na suti yake akizunguka pale anatafuta mtandao, watoto wanalia ndani ya Noah, mkewe kageuza uso dirishani. Siku imeharibika kabla twiga wa kwanza.

Swali jingine mnalouliza ni wakati gani. Desemba kila kitu kimejaa na kila mtu kapandisha bei. Nusu ya Dar es Salaam iko njiani inakuja kaskazini kula Krismasi kwao. Kama unaweza kungoja, masika, kuanzia Machi hadi Mei, loji nyingi hupunguza bei, ingawa baadhi hufunga kabisa kwa ukarabati na njia za Momella zinakuwa za utelezi, Noah yako itakwama. Juni hadi mwanzoni mwa Julai watoto wako likizo, hewa kavu, lakini baridi ya Meru usiichezee. Wale wa Dar mnakuja na kanga na kandambili kana kwamba mnakwenda Bagamoyo. Kule juu usiku unalala na blanketi mbili na bado unautafuta mgongo wa mumeo.

Na nikitaja waume, niwaambie jambo. Kuna wanaonitumia barua za hasira: mume kaahidi loji tangu Krismasi iliyopita, hajatimiza. Sikiliza. Wanaume wengi hawasemi "sina," wanasema "tutaenda." Ukimbana mbele ya wifi zako atakopa, na deni hilo mtalila wote. Mkalishe siku moja akiwa ameshiba, mwambie, "Baba fulani, mimi sitaki usiku mbili. Nataka siku moja mimi na wewe, bila watoto, tukale mahali pazuri turudi." Uone atakavyopumua. Chakula cha mchana kwenye loji nzuri, mkitembea bustanini kabla na baada, ni sehemu ndogo tu ya bei ya kulala, na loji nyingi hupokea wageni wa chakula mkipiga simu mapema. Mtaona mbega wale wale. Mtarudi mmeshikana mikono, na hakuna kijumbe anayewatafuta.

Kama mnakwenda na watoto, mimi mpangilio wangu ni huu, nao hauna fahari. Mnalala nyumbani au kwa ndugu. Asubuhi na mapema, mtori kwenye chupa, mnaingia Hifadhi ya Taifa ya Arusha. Hifadhi hii ilianzishwa 1960 ikiwa ndogo, ikihusu Ngurdoto tu, kisha maziwa ya Momella na mlima vikaongezwa. Anzeni na uwanda wanaouita Serengeti Ndogo, pundamilia na twiga wako karibu na barabara. Kisha kreta ya Ngurdoto, mnaitazama kutoka juu ukingoni. Kushuka ndani hairuhusiwi, wanyama wameachiwa nafasi yao. Kisha maziwa ya Momella ambako flamingo hujaa ikifika majira yao, na ziwa moja hapo unaweza kupanda mtumbwi wa makasia pamoja na mwongozaji. Kuna pia matembezi ya miguu na askari mwenye bunduki hadi maporomoko ya Tululusia, lakini uliza umri kwanza, watoto wadogo hawapokelewi, na sababu ni nyati. Simba msitegemee. Wakiwaomba simba, waambieni huko si kwake. Mlima wenyewe, wenye mita zaidi ya 4,560, ni kazi ya siku tatu au nne ya watu wazima wenye magoti mazima, usimdanganye mtoto kwamba "tutapanda kidogo."

Na siku fedha ni ndogo zaidi, kuna Ziwa Duluti hapo Tengeru. Ziwa la volkano, msitu mzito kulizunguka, njia ya kutembea, mitumbwi. Hoteli ya Serena iko jirani kwa mwenye uwezo wa kula pale. Ila watoto wasiogelee. Ziwa lina kina na kingo zinashuka ghafla. Na wale mnaopenda Chemka, yale maji mazuri ya buluu kule wilaya ya Hai, nendeni, lakini msikae mnapiga picha huku mtoto anacheza na ile kamba ya kurukia. Watu wamezama pale. Watu waliojua kuogelea.

Nimesahau matapeli, nao hawajatusahau. Mnajua ile meseji ya "ile hela tuma kwenye namba hii." Sasa imevaa suti, imekuwa ukurasa wenye picha nzuri za loji, "ofa ya wazawa, nafasi tatu zimebaki, lipia leo." Ofa ya kweli haikukimbizi. Loji imesimama pale miaka na miaka, haina miguu, kesho utaikuta. Tafuta namba ya hoteli yenyewe, piga, uliza kama ofa hiyo wanaijua. Malipo yaende kwenye akaunti yenye jina la biashara, si kwa simu ya mtu. Kama unapitia kampuni ya safari, omba kuona leseni yake ya utalii. Ofisi zimejaa Arusha hii, mwenye nayo atakuonyesha bila kununa. Anayenuna, simama uondoke. Usione haya. Haya ndiyo mtaji wao.

Na haya nyingine, ile ya mapokezi. Mmoja wenu kaniambia aliingia loji moja na watoto wake, akaulizwa kama ni ndugu wa mfanyakazi. Alirudi nyumbani akalia. Pole, mdogo wangu, na haikustahili kutokea. Siku nyingine ikitokea, usijieleze sana. Sema, "Ni mgeni wenu, naomba meza ya watu wanne," kaa, agiza. Na kama hapajakukalia vizuri moyoni, ondoka upeleke fedha yako kwingine; Arusha hii loji si moja. Ila mnisamehe nikisema upande wa pili pia: tukiingia tusiagize soda moja tukagawana watu sita huku tunapiga picha saa tatu nzima kwenye bwawa la wengine. Mhudumu naye katoka Kijenge asubuhi, anataka kufunga hesabu.

La mwisho ni la yule wa Njiro, aliyeuliza kama anaweza kwenda na hotpoti lake la pilau na kachumbari ili asinunue chakula cha loji. Lojini hapana, mama, watakuzuia na watakuwa na haki. Hifadhini ndiyo, kuna sehemu zimetengwa za kukaa na kula. Usibebe mifuko ya plastiki, ilipigwa marufuku nchini tangu 2019. Chukua ndoo yenye mfuniko wa kubana, usiuache wazi hata dakika moja, na mmoja asimame zamu akiangalia juu ya miti, kwa sababu nyani wa pale hawabishi hodi, na pilau wanaijua. Taka zote mrudi nazo nyumbani.